Tanzanaiti mkononi: jinsi ya kuitambua, kuipima na kuinunua bila kupigwa

Muulize mtu yeyote Arusha mjini tanzanaiti ina rangi gani, atakwambia bluu. Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii mnunuzi, kwa sababu bluu ndiyo sifa rahisi kuliko zote kuigiza. Kioo hutiwa bluu, zirkonia ya kiwandani hutiwa bluu, na yakuti samawi na ayolaiti, vito vingine vya asili, zimezaliwa nayo. Kinachoitofautisha tanzanaiti ni namna bluu yake inavyokuja na kuondoka jiwe linapogeuzwa, uzito wake majini, na namna linavyopinda mwanga. Mambo hayo matatu unaweza kuyapima mwenyewe, na mawili kati yake kwa vifaa vya bei ndogo. Lakini kabla ya kushika mizani, ujue kwanza unashika nini na kimetoka katika mwamba wa namna gani. Anayeruka sehemu hiyo hukariri tarakimu tu, na siku akiletewa jiwe lisilofanana na aliyoyakariri hana pa kushika.

Jiwe lenyewe ni nini

Tanzanaiti ni zoisaiti yenye rangi ya bluu hadi zambarau. Zoisaiti ni silikati, yaani madini ambayo kiunzi chake kimejengwa kwa silikoni na oksijeni, na ndani ya kiunzi hicho kuna kalisi, alumini na chembe za hidrojeni. Fomula yake ni Ca₂Al₃(SiO₄)(Si₂O₇)O(OH). Tazama mabano mawili ya kwanza: kundi moja la silika limesimama peke yake, la pili limeungana wawili wawili. Kwa sababu ya hayo mapacha, zoisaiti huhesabiwa pamoja na epidoti katika silikati za jozi.

Zoisaiti haikuanzia Afrika. Ilitambuliwa mwaka 1805 katika milima ya Saualpe, Austria, ikapewa jina la Sigmund Zois, tajiri wa nchi inayoitwa leo Slovenia aliyependa kukusanya madini. Kwa zaidi ya karne moja na nusu masonara hawakuishughulikia sana. Ipo ya waridi inayotoka Norway, na ipo ya kijani inayotoka Longido, ile yenye vipande vyekundu vya rubi ndani yake, ambayo wachongaji huitengenezea sanamu na mapambo. Zote ni zoisaiti, na takriban zote hazipitishi mwanga. Ya Mererani ndiyo iliyokuja ikiwa safi kama kioo na yenye rangi ambayo hakuna aliyeitarajia.

Rangi hiyo inatokana hasa na vanadi, metali iliyojipenyeza kwa kiasi kidogo sana mahali pa alumini. Kromi ikiwemo ya kutosha, zoisaiti huelekea kijani, na kweli Mererani hutoa pia zoisaiti ya kijani, ingawa mara chache.

Tarakimu za kuandika ndani ya jalada la daftari lako ni hizi: ugumu kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs (kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10), uzito mara 3.35 ya maji, kipimo cha kupinda mwanga kati ya 1.691 na 1.700. Tutazirudia.

Kwa nini Mererani

Tanzanaiti ya kuchimbwa kibiashara inatoka sehemu moja tu inayojulikana duniani: vilima vya Mererani, Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Eneo lenyewe lina urefu wa kilomita chache tu, na upana wake ni mdogo zaidi. Mtu akikwambia ana tanzanaiti ya Madagaska au ya Brazili, hapo umeshapata onyo la kwanza bila kutumia kifaa chochote.

Sababu ni kwamba jiwe hili lilihitaji mambo ambayo kwa kawaida hayakutani. Zamani sana, kabla ya kuwapo milima hiyo, palikuwa na sakafu ya bahari yenye tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe wadogo. Tope la aina hiyo hukusanya vanadi. Kando yake palikuwa na tabaka za chokaa, ghala la kalisi. Kisha mabara yaliyounda Gondwana, bara kuu la kale, yakagongana, tabaka hizo zikazikwa, zikakunjwa na kupikwa katika ukanda ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji, unaopita mashariki mwa Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Tope likageuka naisi, mwamba mgumu wa mistari mistari, yenye kinywe (grafiti, ile nyeusi ya penseli), chokaa ikageuka marumaru. Mwishoni, majimaji ya moto yakapita katika nyufa na mikunjo ya miamba hiyo, yakachukua kalisi huku na vanadi kule, na mahali palipokuwa na nafasi ya kutosha fuwele zikaota. Umri unaotajwa mara nyingi ni takriban miaka milioni 585.

Kwa mnunuzi habari hii ina faida ya moja kwa moja. Jiwe ghafi la kweli hubeba mazingira yake. Utakuta weusi wa kinywe umeng'ang'ania kwenye ngozi yake na kukuchafua vidole, utakuta vipande vyeupe vya kalisaiti au vya kwatzi, vipande vya pairaiti vinavyong'aa kwa manjano, na pengine ganeti ya kijani, ile inayoitwa tsavoraiti, iliyoota bega kwa bega na tanzanaiti. Kipande cha bluu kilicho safi pande zote, kimevunjika kama chupa na hakina hata doa la mwamba wake, kinahitaji maelezo.

Mchimbaji naye hutumia habari ileile kwa namna yake. Hafuati rangi, kwa sababu rangi haionekani hadi umeifikia. Anafuata tabaka la kinywe na mahali linapojikunja au kubanwa, kwa kuwa ndiko mifuko ya fuwele hukaa. Tabaka hizo zinalala kwa mshazari na kuzama ardhini, kwa hiyo mashimo ya Mererani hayana budi kuzifuata chini, na mengine yamefika mamia ya mita. Gharama na hatari ya kazi hiyo inatokana na mlalo huo wa mwamba. Mvua kubwa za mwaka 1998, na tena za 2008, ziliingia mashimoni na kuua wachimbaji wengi.

Kuhusu aliyeigundua, majina mawili hutajwa zaidi, na yote ni ya mwaka 1967. Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa aliyekuwa pia akitafuta madini, alisajili maeneo. Jumanne Ngoma alitambuliwa hadharani na serikali mwezi Aprili 2018 na kuzawadiwa shilingi milioni 100. Tiffany & Co. ya New York ndiyo iliyolitangaza jiwe hilo kwa wanunuzi wa Marekani mwaka 1968 kwa jina la nchi lilikotoka.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, kibanio cha kushikia mawe, tochi yenye mwanga mweupe, karatasi nyeupe isiyo na mistari, mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, uzi mwembamba, na kikombe cha plastiki. Ongeza kioo kimoja cha miwani ya jua ya polaroidi. Miwani iliyovunjika fremu inatosha kabisa. Ukiwa na uwezo, nunua daikroskopu, kibomba kidogo chenye tundu kinachoonyesha rangi mbili za jiwe kwa pamoja. Refraktomita, kifaa kinachopima namna jiwe linavyopinda mwanga, ni ghali zaidi, na mtu anayenunua jiwe moja kwa ajili ya pete hana haja nayo, ila anayetaka kufanya biashara asijidanganye kwamba ataishi bila hiyo.

Hatua ya 1: litoe kwenye karatasi yake

Mawe huhifadhiwa katika karatasi zilizokunjwa, na nyingi zina bitana yenye rangi ya bluu. Juu ya bitana hiyo jiwe lililopauka huonekana limeshiba. Litoe, lifute kwa kitambaa laini, liweke juu ya karatasi nyeupe, kisha nenda dirishani au nje kivulini. Saa za asubuhi ni nzuri. Taa ya manjano huivuta tanzanaiti kwenye zambarau, mwanga wa mchana huirudisha kwenye bluu, kwa hiyo litazame katika hali zote mbili kabla ya kutaja bei. Muuzaji anayekataza jiwe lisitoke nje ya chumba chake ameshakujibu.

Kama ni ghafi, tafuta umbo. Fuwele ya tanzanaiti iliyokomaa vizuri ni kipande kirefu chenye pande bapa, na juu ya baadhi ya pande hizo kuna michirizi myembamba inayokimbia sambamba na urefu wake. Michirizi hiyo haionekani kwenye kioo kilichovunjwavunjwa. Tafuta pia uso mmoja ulionyooka na kung'aa kupita kiasi: huo ni mpasuko. Tanzanaiti hupasuka kirahisi upande mmoja tu, na hapo hupasuka laini kabisa. Kwingine kote huvunjika ovyo.

Halafu shika lenzi. Viputo vya mviringo na mawimbi kama ya asali iliyokorogwa ni dalili za kioo. Takataka za asili ni nyufa ndogo, nyuzi, vipande vyeusi vya kinywe. Lakini tanzanaiti nyingi za sokoni ni safi machoni, na kwa jiwe hili usafi hauna maana kwamba ni la bandia. Watu wanaotoka kwenye zumaridi, waliozoea kudai uchafu kama cheti cha uhalisi, hujichanganya hapa.

Hatua ya 2: rangi tatu

Ikiwa utakumbuka hatua moja tu katika mwongozo huu, ikumbuke hii.

Mwanga unaoingia katika tanzanaiti hunyonywa tofauti kufuatana na uelekeo wake ndani ya fuwele. Jiwe ambalo halijachomwa lina nyuso tatu: ukilitazama kutoka upande mmoja ni bluu, upande wa pili ni zambarau au wekundu wa zabibu, upande wa tatu ni hudhurungi, au manjano yanayoelekea kijani. Si suala la kivuli wala la mwangaza wa tochi. Ni rangi tatu kamili ndani ya jiwe moja, na fuwele nzuri ghafi ukiizungusha polepole mbele ya dirisha utaziona zikipokezana.

Jiwe lililochomwa hubaki na mbili, bluu na zambarau, kwa sababu moto huiondoa ile ya tatu. Hizo mbili haziondoki kamwe. Kwa hiyo iwe imechomwa au haijachomwa, tanzanaiti lazima ionyeshe zaidi ya rangi moja.

Utaratibu wa kupima ni huu. Shika jiwe kwa kibanio mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga wa kutosha. Weka kioo cha polaroidi kati ya jicho na jiwe. Usilisogeze jiwe, zungusha kioo chenyewe robo duara. Rangi ikihama kutoka bluu kwenda zambarau, umepata dalili nzuri sana. Isipohama, usikate tamaa mara moja, maana kila fuwele ya aina hii ina pande mbili ambazo mwanga hupita bila kugawanyika. Geuza jiwe upande mwingine, rudia, kisha geuza tena. Baada ya pande tatu zilizo mbalimbali bila mabadiliko yoyote, jiwe hilo si tanzanaiti. Mwenye daikroskopu hufanya vilevile, ila yeye huziona rangi mbili zikiwa zimekaa jirani ndani ya visanduku viwili, na ni vigumu zaidi kujidanganya.

Sasa tuwapange waigizaji. Kioo hakibadiliki. Zirkonia ya kiwandani haibadiliki, spineli nayo haibadiliki. Hapo umeshawatoa wengi kwa kipande cha miwani. Amethisti hubadilika kidogo tu na haifiki bluu. Yakuti samawi hutoka bluu kwenda bluu yenye ukijani. Ayolaiti ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu nayo hubadilika kwa nguvu: ina zambarau ya bluu upande mmoja, lakini upande mwingine hupauka na kuwa karibu nyeupe au manjano hafifu kabisa. Tanzanaiti haipauki namna hiyo. Kuna pia forsteraiti ya maabara, iliyotengenezwa kwa makusudi ifanane na tanzanaiti hadi katika rangi, na hiyo inahitaji hatua zinazofuata.

Katika biashara ya kawaida hakuna tanzanaiti iliyooteshwa maabara kama zinavyooteshwa rubi na zumaridi. Anayekuuzia “tanzanaiti ya maabara” kwa kawaida anakuuzia forsteraiti, zirkonia au kioo.

Hatua ya 3: pima majini

Hatua hii haitaki jicho la mzoefu, inataka utulivu tu. Pima jiwe likiwa kavu, andika uzito. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, ukiongeza tone la sabuni ili viputo visishike, na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Tarakimu itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa tarakimu hiyo.

Mfano: jiwe lina gramu 6.70 likiwa kavu, na likining'inia majini mizani inasoma 2.00. Ukigawanya unapata 3.35, na hiyo ni tanzanaiti. Jiwe lenye uzito uleule likiwa ayolaiti lingesoma karibu 2.58, kwa sababu ayolaiti ni nyepesi, takriban 2.6 tu. Yakuti samawi, yenye 4.0, ingesoma 1.68. Zirkonia ya kiwandani ni nzito kuliko zote hapa, karibu 6, ingesoma chini ya 1.20. Forsteraiti ina 3.22, ingesoma 2.08.

Angalia hapo mwisho. Tofauti kati ya 2.00 na 2.08 inaonekana kwenye jiwe la gramu karibu saba. Kwenye jiwe la nusu gramu, ambalo ni karati mbili na nusu na ndilo la kawaida dukani, maji yaliyosukumwa ni gramu 0.15, na mizani yako ikikosea 0.01 tu jibu linaweza kuwa 3.1 au 3.6. Kwa hiyo kwa mawe madogo tumia hatua hii kuwaondoa ayolaiti, yakuti na zirkonia, lakini usiitumie kuamua kati ya tanzanaiti na forsteraiti. Jiwe lililokwisha kutiwa kwenye pete halipimiki hivi kabisa, na ghafi lenye kalisaiti au kinywe kingi litakupa jibu la mchanganyiko.

Hatua ya 4: mwanga unavyopindwa

Kwenye refraktomita tanzanaiti husoma kati ya 1.691 na 1.700. Ayolaiti iko chini sana, karibu 1.54, amethisti karibu hapohapo, forsteraiti kati ya 1.635 na 1.670, yakuti samawi 1.762 hadi 1.770. Zirkonia inazidi uwezo wa kifaa cha kawaida na haitoi mstari unaosomeka. Nafasi kati ya namba hizi ni kubwa kiasi kwamba mtu aliyejifunza leo asubuhi anaweza kuzitofautisha jioni.

Asiye na refraktomita ana njia ya mkato dhidi ya forsteraiti. Silikati hii ya maabara huugawanya mwanga mara mbili kwa nguvu, kiasi cha 0.035, ilhali tanzanaiti huugawanya kwa takriban 0.009 tu. Chukua lenzi, tazama kupitia uso wa juu wa jiwe lililokatwa, elekeza macho kwenye mistari ya mikato ya nyuma. Kwenye forsteraiti mistari hiyo itaonekana miwili miwili, kana kwamba unaitazama ukiwa na usingizi. Kwenye tanzanaiti inabaki mmoja mmoja. Jaribu kutoka pande kadhaa, kwa kuwa upande mmoja usiogawanya mwanga unaweza kukuficha ukweli. Jiwe la zaidi ya karati moja huonyesha jambo hili bila shida. Dogo mno hutaka uvumilivu.

Vipimo viwili nisivyovishauri hata ukishawishiwa ni kukwaruza na kuwasha kiberiti. Kukwaruza kunaharibu jiwe la watu, na wala hakukwambii kitu, kwa kuwa mawe mengi yana ugumu wa karibu na huo. Moto wa ghafla unaweza kulipasua kabisa. Mtu anayepima kwa kiberiti mbele yako anafanya maonyesho.

Hatua ya 5: uliza kuhusu kuchomwa

Sehemu kubwa ya tanzanaiti hutoka ardhini ikiwa ya hudhurungi au manjano ya kijani, si bluu. Huwekwa katika tanuru na kupandishiwa joto taratibu hadi kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, kisha huachwa ipoe polepole. Joto hilo linafuta unyonyaji wa mwanga uliokuwa ukileta uhudhurungi, na bluu ya vanadi inabaki peke yake. Matokeo ni ya kudumu: hayafifii kwa jua wala kwa miaka.

Kwa sababu hiyo, kuchomwa si kasoro na hakupunguzi bei katika biashara ya kawaida. Muuzaji mwaminifu atakwambia limechomwa bila kuona haya. Yapo machache yaliyotoka bluu kwa joto la ardhi yenyewe, na mara nyingi hakuna maabara inayoweza kuyatenganisha na ya tanuruni. Hivyo usilipe ziada kwa maneno “bluu ya asili” pekee. Ikiwa unapenda jiwe lisilochomwa, nunua lile linaloonyesha rangi yake ya tatu, kwani hilo ushahidi wake linao mwilini.

Kazi ya kuchoma mwachie anayeijua. Jiwe lenye ufa au lenye kimiminika ndani hupasuka katika joto, ndiyo maana mchomaji mzuri hulikata kwanza sehemu mbovu na kulisafisha kabla ya kulitia tanuruni.

Jambo la kuchukiza ni utando. Mwaka 2008 maabara za Marekani ziliripoti tanzanaiti za kweli, zilizopauka, zilizopakwa nyuma tabaka jembamba lenye kobalti ili zionekane zimeshiba rangi. Vipimo vyote vya juu zitavipita, kwa sababu jiwe ni la kweli. Dalili ziko kwenye kingo: chini ya lenzi, mistari inapokutana mikato ya nyuma huwa imeparara na rangi imetoka, au uso una mng'ao wa mafuta juu ya maji. Lizamishe jiwe katika maji juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya asili imeenea mwilini mote, ya kupakwa hukaa juujuu.

Hatua ya 6: thamani

Rangi kwanza, kisha rangi, kisha mengine. Bluu iliyoiva yenye mwanga wa zambarau ndiyo inayotafutwa. Mawe madogo mara nyingi hupauka, kwa kuwa mwanga una safari fupi ndani yake, na ndiyo maana rangi nzito kweli huanza kuonekana vizuri kwenye mawe makubwa kidogo. Karati moja ni gramu 0.2.

Mkataji ana uamuzi mgumu. Fuwele nyingi zimekaa kwa namna ambayo ukielekeza uso wa juu kwenye bluu unapoteza uzito mwingi, ukiuelekeza kwenye zambarau unabaki na jiwe kubwa zaidi. Wengi huchagua uzito. Basi ukiona mawe mawili ya ukubwa mmoja, moja bluu na jingine zambarau, na la bluu limezidi bei, hujaibiwa. Unalipia vumbi lililobaki kwenye meza ya mkataji. Binafsi naona zambarau safi inapuuzwa bila haki, na mwenye bajeti ndogo angefanya vyema kuanzia hapo.

Usafi wa ndani pima kwa macho tu, bila lenzi. Ukiona ufa kwa macho, teremsha bei au acha, hasa ufa unaofika ukingoni.

Hatua ya 7: karatasi

Eneo la machimbo limezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi na kuzinduliwa Aprili 2018, na kila anayetoka hupekuliwa. Mchimbaji anahitaji leseni ya uchimbaji, mnunuzi mkubwa leseni ya biashara ya madini, na dalali leseni ya udalali, zote zikisimamiwa na Tume ya Madini. Serikali huchukua mrabaha wa asilimia 6 ya thamani na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwaka 2010 Tanzania ilizuia kusafirisha nje tanzanaiti ghafi inayozidi gramu 1, ili ukataji ubaki nchini. Kanuni za biashara hii hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kununua ghafi ulizia ofisi ya madini, usiulize kijiweni.

Njia halali ina faida yake. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, alipeleka serikalini mawe mawili, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, akalipwa shilingi bilioni 7.7 hadharani. Mawe ya ukubwa huo yangepitishwa gizani, nani angemlipa hata robo?

Kwa mnunuzi wa jiwe lililokatwa, dai risiti yenye jina la jiwe, uzito kwa karati, na neno “limechomwa” likiandikwa. Anayesafiri nalo nje ya nchi ahakikishe ana hati ya kuonyesha uwanjani. Ukiwa na shaka baada ya vipimo vyote, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Kwa jiwe la bei kubwa, weka sharti la kulithibitisha kabla ya kumaliza malipo. Muuzaji wa kweli hatishiki.

Kulitunza

Vumbi la nyumbani lina chembe za kwatzi, zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kulifuta jiwe kavu kwa nguvu kunalichuna taratibu. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini. Mashine za kusafishia kwa mtikisiko na zile za mvuke zikae mbali nalo, na fundi anayerekebisha pete alitoe jiwe kabla ya kuwasha moto wa kulehemu. Usilitoe kwenye maji ya moto ukalitia kwenye baridi. Lihifadhi peke yake katika mfuko wa kitambaa, mbali na almasi na yakuti.

Kwa sababu ya mpasuko wake, linafaa zaidi kwenye hereni au kidani kuliko kwenye pete ya kuvaa kila siku. Ukiling'ang'ania kwenye pete, mwambie sonara alizungushie ukingo wa dhahabu pande zote badala ya kulishika kwa kucha nne, na uivue unapoingia jikoni.